Sahani ya Bati Mlangoni

Enzi zetu kule Dilala, katika nyumba za kampuni ya mgodi, mtoto hakuwa na sahani yake. Bukari, ndio ugali wetu, ulitoka jikoni ukifuka moshi, ukawekwa kwenye beseni moja, sombe ya majani ya muhogo na bitoyo pembeni, nasi tuliokuwa tukiruka kamba uani tukaja mbio na vumbi miguuni. Samaki wale wa chumvi walikuwa wachache, mikono mingi, na aliyechelewa alilamba vidole vitupu. Nikiwasimulia wanangu wananionea huruma. Wao kila mmoja ana sahani yake, na simu imeegemezwa kwenye kikombe.

Kisha posho ya kampuni ikakoma, mgodi ukadorora, na watu wakatafuta wa kulaumiwa. Ikasemwa wenye asili ya Kasai, mkoa wa mbali, warudi kwao. Mama yangu alikuwa Mkasai, baba mtu wa Mutshatsha. Mama alipanda treni na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya mgongoni. Mimi, mwenye miaka minane, nilibaki, kwa kuwa baba alisema mtoto ni wa ukoo wake.

Shangazi, dada yake baba, aliyekaa kwetu na watoto wake wanne, akashika jiko. Wiki hiyohiyo alinipakulia kwenye sahani ndogo ya bati, akanikalisha mlangoni, mbali na beseni. Hakunitukana. Nadhani aliogopa majirani, maana sura yangu ilikuwa ya mama kabisa. Chakula kilikuwa kilekile, lakini hakikushuka. Baba aliona, akanyamaza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Siku moja Kambo, ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake baba, akafika kutoka Mutshatsha na gunia lake la makaa. Wakati wa kula alitazama beseni, akanitazama mimi, akabeba kiti chake kifupi, akaja kukaa nami na kutia mkono kwenye sahani yangu.

“Kama uyu mutoto anakula pa peke,” alimwambia shangazi, “na mi ntakula paka hapa, pa mulango.”

Tulikula hivyo siku tatu, tukigombea kipande kimoja cha samaki huku akinichekesha. Siku ya nne shangazi alirudisha sahani ya bati kabatini, akanisogezea beseni.

Mpaka leo nikialikwa kula sinyooshi mkono kabla sijaitwa. Mume wangu akininyamazia kidogo tu, najiona tena pale mlangoni. Ndipo naukumbuka mkono wa Kambo, na moyo unatulia. Bila yeye sijui ningekuwa mtu gani.

Jumapili nawalazimisha wanangu kula kwenye beseni moja, nao hulalamika habari za vijidudu. Juzi nilichelewa kutoka kanisani. Niliwakuta wamelizunguka beseni, bukari umeanza kupoa, simu zote ziko kabatini, hakuna aliyegusa kitu.

“Kuya, mama,” binti yangu mdogo aliniambia. “Tulikuwa tunakungoja.”

Sisi enzi zetu hatukumngoja mtu. Nilienda kunawa mikono, nikakawia huko kidogo, wasinione nikilia.