Mzee Aliyeitikia

Kila alipopigiwa makofi, mzee yule aligeuka nyuma, kana kwamba anayeshangiliwa kasimama huko. Enzi zake alikuwa miongoni mwa Walatino wa mwanzo, watu wa visiwa na nchi zisemazo Kihispania, kucheza besiboli ya kulipwa Marekani. Sasa vidole vyake, vilivyopindika kwa kudaka mipira, vilipapasa meza ya maktaba ya Walthamstow, Uingereza, alikoalikwa kuzungumza, kama vinavyotafuta kitu. Time, mwanamke wa Kipemba anayetunza wazee, alimleta bibi wa Kiingereza anayemsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Time mwenyewe mchezo huo haujui hata chembe. Mzee hakutaja vikombe. Alieleza hoteli zilizomfungia milango kwa rangi yake, na simu aliyompigia mamake kila Jumapili. "Sikuwa na habari za kumpa," alisema kwa Kiingereza chenye lafudhi ya kisiwani kwao. "Kwetu, mkubwa unamwamkia kwa kumwomba baraka, naye hukuitikia, 'Mungu akubariki.' Nilitaka anijibu tu."

Watu wakapanga foleni na mipira yao ya kutiwa saini. Time hakuwa na mpira. Alipofika mbele yake, magoti yakakunjika yenyewe na neno likamponyoka: "Shikamoo, babu." Akaona haya papo hapo, huyu atajulia wapi? Mzee akaweka kalamu chini, akainua kiganja chake juu ya mtandio wa Time bila ya kuugusa, akasema maneno mawili matatu ya Kihispania, polepole, kama anayemwambia mwanawe.

"Kakwambia nini?" bibi aliuliza njiani.

Tangu babake azikwe Wete, Time hakuwa na wa kumwamkia.

"Ameniitikia," alisema. "Alhamdulillahi, ameniitikia."