Safu ya Tatu ya Daftari

Kiwanda cha nguo kilipofungwa kusubiri mwekezaji, nilirudi nyumbani Pasiansi, Mwanza, na barua ya kupunguzwa kazi, spana mbili na daftari moja la zamani. Spana hazikunisaidia kitu. Daftari ndilo lililonipa kazi mpya, na kwa daftari hilo nikamharibia mtu.

Nililiandika nikiwa kijana, nilipopelekwa Chekoslovakia kusomea ufundi wa mitambo ya kufumia nguo. Jioni tulifundishwa Kiingereza kwa kitabu kilichotungwa kwa ajili ya Wacheki wenyewe, na mwalimu wetu alikuwa na ugonjwa mmoja: vitenzi vinavyokaribiana kwa sauti. Rise na raise, lie na lay, fall na fell. Kila jozi alitupa maana yake kwa Kicheki, nami nikaingiza Kiswahili katikati nisije nikapotea. Ndivyo daftari lilivyopata safu tatu. Rise, kupanda, stoupat. Raise, kuinua, zvedat. Lie, kulala, ležet. Lay, kulaza, položit. Nilikariri zote kwa mkupuo, na hadi leo siwezi kutaja neno moja bila wenzake kulifuata.

Miaka ile Mwanza nzima ilitaka Kiingereza. Ndege zilitua kubeba minofu ya sangara, viwanda vya samaki viliota kando ya ziwa, na kila tangazo la kazi lilimtaka mwombaji ajue lugha hiyo. Niliweka mabenchi mawili barazani nikapata wanafunzi watano, watu wazima wote. Saa kumi alasiri wanakaa, nasimama na daftari, nasema, wanaitikia. Nilisema safu zote tatu.

Nilijiambia kwamba nafundisha nilivyofundishwa. Huo ulikuwa uongo. Ukweli ni kwamba kwa karibu miaka ishirini sikuwa nimesikia Kicheki kinywani mwa mtu mwingine. Hata nchi yenyewe ilikwisha gawanyika mbili. Nilisikia redioni nikiwa natengeneza baiskeli, nikaendelea kutengeneza. Sasa watu watano barazani kwangu walitamka ležet, wawili kati yao wakiigeuza l kuwa r bila wasiwasi wowote, nami nilisikia raha ambayo sikuwa tayari kuiacha.

Wenyewe hawakuuliza. Tumelelewa kumwitikia mwalimu, hatukulelewa kumhoji. Baadaye ndipo nilipojua walichokuwa wakiamini: kwamba neno la kwanza ni Kiingereza cha shuleni, na la tatu ndicho Kiingereza chenyewe, kile ambacho wazungu huzungumza wakiwa peke yao.

Mmoja wa wale watano alikuwa mjane kutoka Kiseke. Zamani alinunua sangara ufukweni akawauza mjini, mpaka mawakala wa viwanda walipoanza kuwachukua wote samaki wakiwa bado mtumbwini. Alibakiwa na biashara ya mapanki, yale mabaki ya vichwa na mifupa ambayo viwanda huyatoa minofu ikishatengwa. Mapanki yaliweza kumsomesha mtoto mmoja, kwa shida. Yeye alikuwa na watatu. Kiwanda kimoja kilipotangaza kazi ya kupokea samaki mlangoni, alianza kufika darasani kabla ya wote, na alipokuwa akienda kwenye usaili nilimwambia asiwe na shaka, kwa sababu kukariri hakuna aliyemshinda.

Kesho yake alifika saa tisa, akiwa peke yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Imekuwaje?"

"Walinionyesha maandishi ukutani, wakasema nieleze. Lay fish on ice. Nikawaambia lay, kulaza, položit. Yote matatu, kama tunavyosema hapa. Meneja akauliza hilo la mwisho ni nini. Nikamjibu ndicho Kiingereza chenyewe. Mzungu wao akacheka. Meneja hakucheka, aliandika kitu, akasema nitaitwa."

Nilijua hataitwa. Ningeweza kumwacha angoje, na nakiri nililifikiria hilo. Kisha nikamwambia kwamba neno la tatu si Kiingereza.

"Ni nini basi?"

"Kicheki. Lugha ya kule nilikosoma."

"Hapa Mwanza nani anakizungumza?"

"Ninayemjua ni mimi tu."

Alinitazama. Nilingoja anitukane, na ningeona amenitendea haki. Alikaa kwenye benchi akapanga khanga yake magotini.

"Ungetuambia ni chako, mwalimu," alisema. "Tungekuitikia tu, tena kwa moyo. Lakini kule kwa watu nisingekwenda nacho."

Niliona aibu, na aibu ile haijaisha. Nilimwomba radhi, akasema yamepita, ingawa wote wawili tulijua kwamba ada za shule za watoto wawili hazijapita.

Wenzake wanne walifika, wakamsalimia, wakakaa. Nilitaka kuwaeleza mambo yote siku ileile, ulimi ukakataa. Niliona nianze kwanza kwa kuzisoma safu mbili pekee.

"Fall," nilisema. "Kuanguka."

Nikanyamaza. Wanne wakaitikia fall, wakaitikia kuanguka, kisha wakamalizia wenyewe bila kuongozwa, kwa sauti safi ambayo mwalimu wangu wa kule angeisifu: padat.

Mjane alikuwa amefunga mdomo. Aliyafumba macho mpaka walipomaliza.