Simjui Kabisa Mama Shaibu

Jamani, wahariri wa mtandaoni wamenichosha, ingawa kosa ni langu. Klabu yetu ya kompyuta hapa Newala ilipewa kazi ya kuandika kuhusu mji wetu kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaihariri. Madamu Neema alionya: atakayesifia ndugu zake, anatoka klabuni.

Nikaandika kwamba ming'oko, ile mizizi ya porini anayochemsha na kuuza Mama Shaibu, haina mpinzani kuanzia hapa hadi Masasi. Mhariri mmoja akafuta. Nikarudisha. Akafuta tena, akauliza, "Chanzo kiko wapi?"

"Chanzo ni tumbo langu."

"Una undugu na huyu mama?"

Yaani mtu hachoki! Nikamjibu kwa hasira, "Simjui kabisa, hata sura yake sijawahi kuiona!"

Jana Madamu akayaonyesha majibizano yetu ukutani kwa projekta. Darasa zima likaangua kicheko. Chini ya kila jibu langu palisomeka jina la akaunti yangu: Shaibu wa Newala.

Nikasimama nikaamkia, "Shikamoo, Madamu."

"Marahaba, Shaibu. Na huyo mama usiyemjua, hajambo?"