Mtu Wetu Kwenye Kamati

Nakumbuka Jumamosi ile kwenye ukumbi wa kanisa, na mpaka leo nikiikumbuka nashika kifua. Mwanangu, vuta kiti nikuambie, maana na wewe kuna siku utaitwa, na sitaki ushtuke kama nilivyoshtuka mimi.

Kwanza unijue. Mimi ni Mrundi wa Campbelltown, hapa Australia, shule niliishia darasa la tatu, na sioni haya kulisema. Nimeendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, kwenye maghala ya Ingleburn miaka kumi na minane. Leo nina malori yangu mawili ya kuhamisha vyombo, na mwenye digrii akitaka kuhama nyumba ananipigia simu mimi. Kwa hiyo haya ninayokuambia sikuyasoma kitabuni.

Kaunsili yetu, yaani halmashauri ya mji, ilitangaza inatafuta raia wawili wa kawaida, wasio wafanyakazi wake, waingie kwenye kamati ya kuiangalia: inagawa vipi kumbi na viwanja, na kama inafuata taratibu zake yenyewe. Divine, binti wa marehemu dada yangu, nesi wa hospitali, akajaza fomu. Ikabaki barua moja tu, ya mtu wa jumuiya anayemjua. Bila barua ile fomu haipokelewi. Mwenyekiti wa jumuiya ni mimi, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Mimi nikafanya tunavyofanya sisi: nikaita watu pale ukumbi wa kanisa. Kwetu mtu haendi mbele ya serikali peke yake kama yatima. Kina mama wakaleta chai na sambusa, wazee wakavaa makoti, nami nikasimama na karatasi ya mahitaji yetu. La kwanza lilikuwa ukumbi wa kaunsili kila Jumamosi, kwa harusi na matanga. Ombi letu lilikuwa kule kaunsili miezi na miezi, na sahihi iliyokuwa chini yake ni yangu.

"Sasa tuna mtu wetu ndani!" nikasema. Vigelegele vikapigwa.

Divine akasimama. Alikuwa ametoka zamu, bado na sare yake.

"Tonton," akasema, ndivyo anavyoniita mjomba wake, "nikipata kile kiti, ombi la ukumbi sitaligusa. Likifika mezani natoka nje."

"Nje wapi?"

"Nje ya chumba. Nafunga mlango. Nimeshaandika kwenye fomu kwamba mwenye ombi ni mjomba wangu."

Mwanangu, niliona giza. Mtoto niliyemlipia basi la shule! "Umeniandika serikalini?"

"Nimeandika jina lako tu, Tonton. Kuwa mjomba si kosa."

Sylvestre, rafiki yangu tangu kambi ya wakimbizi, ana mdomo huyo, akadakia: "Kumbe tunampeleka akafunge mlango! Milango ya pale ni ya vioo, inajifunga yenyewe. Mrudishe akale sambusa."

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka. "Divine, sisi ndio tuliokuchagua!"

"Hapana, Tonton. Nimeomba mwenyewe. Na wakinichukua, nitakaa pale kwa ajili ya kila anayeishi hapa. Hata asiyetujua."

Nikaiweka kalamu mezani. Divine hakunitazama mimi, aliitazama kalamu, na macho yale yakanirudisha mahali ambapo nilikuwa nimeapa sitarudi.

Kambini, kule Kigoma, nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Kila mtaa wa kambi ulichagua mtu wa kusimama kwenye mgawo wa chakula, aangalie kopo la unga linajazwa sawa kwa kila mmoja. Kura ilikuwa ya kusimama: unayemtaka, unajipanga nyuma yake. Nyuma yangu ukapangwa mstari mrefu kuliko wote. Nikavimba kichwa. Wale wa kilima kimoja na mimi huko Burundi wakaniambia, wewe ni mtu wetu pale. Basi wao walipofika, kopo lilijazwa mpaka likaota kichuguu, nami nikatazama mawingu. Wengine walipofika, lilipanguswa kwa ubao.

Gunia likaisha kabla ya mstari. Wa mwisho alikuwa Bibi Anatolia, mjane aliyekuwa akilea wajukuu. Akanijia na bakuli tupu. Hakupiga kelele.

"Kijana, siku ile ya kura unajua nilisimama wapi?"

"Sijui, bibi."

"Nyuma yako. Na mguu huu mbovu, jua lote lile, nyuma yako. Nilidhani nimesimama nyuma ya macho. Kumbe nilisimama nyuma ya tumbo la jamaa zako."

Kesho yake nikampelekea unga wangu. Aliupokea, kwa sababu watoto walikuwa na njaa, lakini salamu yangu hakuiitikia tena mpaka naondoka kambini. Sikumwambia mtu habari hiyo, hata mke wangu.

Pale ukumbini nikamtazama Sylvestre. Alikuwa ameacha kucheka. Kule kambini, kopo lake nalo liliota kichuguu.

Nikaichukua kalamu. Sahihi yangu ni kama kuku aliyepita kwenye majivu, lakini niliitia. Karatasi ya mahitaji nikaikunja, nikaiweka mfukoni.

Divine aliitwa kwenye usaili, akachukuliwa. Miezi ikapita, nikasikia kamati itaangalia kumbi zinavyogawiwa. Nikavaa suti, nikakaa nyuma kwenye viti vya wageni. Usinicheke: moyoni nilisema, damu ni damu, akiniona pale atalegea.

Zamu yetu ikafika. Divine akasema, "Mwombaji ni mjomba wangu," akachukua chupa yake ya maji, akanipita bila hata kupepesa jicho. Mlango ukajifunga. Waliobaki wakasoma orodha: kulikuwa na wazee wa Kinepali walioomba kabla yetu. Wakasema orodha ifuatwe, wale kwanza. Basi.

Nikamfuata kwenye benchi la nje. "Divine, tumekosa uku..."

"Usiniambie, Tonton! Mkutano haujaisha."

Nikakaa kando yake. Mimi, mwenye malori mawili, nikanyamazishwa na mtoto. Na nikaona fahari ambayo malori yale hayajawahi kunipa.

Mwanangu, ukipewa kiti cha kuiangalia kazi ya watu wote, andika majina ya ndugu zako kabla hujaulizwa, na yao yakifika, toka, hata kama mjomba amevaa suti. Na siku wewe ndiye unayemtafuta mtu wa kumpeleka, usimtafute atakayekujazia kopo. Mtafute anayeweza kukukatalia mbele ya watu, halafu mtilie sahihi bila kununa. Mimi somo hili lilinigharimu salamu ya Bibi Anatolia, na sitaipata tena.

Mungu akupe macho ambayo Bibi Anatolia aliyatafuta kwangu akayakosa. Akupe miguu ya kutoka chumbani kwa wakati wake. Na ukitoka, ukute benchini mzee wako amekaa kimya anakungoja.