Kidole cha Mpishi

Sisi tunaopiga gitaa la nota, lile la nyuzi za nailoni linalokaa juu ya paja la kushoto, tuna desturi moja ambayo wapigaji wa dansi hutucheka kwayo. Mwanafunzi akipiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza, kabla hajagusa uzi husimama na kutaja ukoo wake: nimefundishwa na huyu, aliyefundishwa na yule, aliyefundishwa na yule mwingine, mpaka pumzi imwishie. Desturi hii ililetwa Iringa na padri mmoja wa Kizungu. Yeye aliweza kutaja walimu sita kurudi nyuma, mzee kwa mzee, kama ule ukoo unaosomwa kanisani karibu na Krismasi, fulani akamzaa fulani.

Ilipofika zamu yangu, nilimruka mtu mmoja. Nilimruka kwa zaidi ya miaka arobaini, na wanafunzi wangu wakamruka nyuma yangu bila kujua. Mwaka huu watoto wanane walikuwa wanajiandaa kusimama katika ukumbi mmoja wa Mlandege, pale Iringa mjini, waurudie uongo wangu kwa sauti zao safi. Ndipo nikaona kwamba nisipomrudisha mtu yule mahali pake mimi mwenyewe, hakuna mwingine aliyebaki wa kumrudisha.

Alikuwa mpishi wa misheni ya padri huyo. Mimi nilikuwa nasoma sekondari, naishi bwenini, na Jumamosi tulikuwa tunapeleka kuni jikoni kwake. Siku moja nilimkuta amekaa juu ya gunia la viazi, mguu wa kushoto kaupandisha juu ya kopo la mafuta ya kupikia, anapiga. Sikuwa nimewahi kusikia gitaa moja likitoa sauti mbili, moja ikitembea chini taratibu kama mzee na nyingine ikirukaruka juu kama mwanambuzi. Nikasimama na mzigo kichwani mpaka aliposema, bila kuinua uso, "Kijana, hizo kuni zitaota mizizi hapo kichwani. Zitue."

Padri ndiye aliyemfundisha, miaka mingi nyuma, kwa sababu wakati wa baridi jikoni ndiko kulikokuwa na moto. Nilipofika mimi, mikono ya padri ilikuwa inatetemeka na hapigi tena. Alikaa barazani nje ya dirisha la jiko, blanketi magotini, akisikiliza. Mpishi akikosea, padri alikohoa. Mara moja tu katika miaka minne aliingia ndani, akanishika kifundo cha mkono wa kulia, akakiinua kidogo, akatoka. Juu ya mguso huo mmoja nilikuja kujijengea ukoo mzima.

Aliyenifundisha kila Jumamosi, aliyenionyesha kusoma nota huku akimenya viazi, aliyefunga uzi wa kuvulia samaki pale uzi wa gitaa ulipokatika na duka la kuuza nyuzi halipo, ni mpishi. Na mpishi alikuwa na kidole kibovu. Kidole cha pete cha mkono wa kulia kiliwahi kumwagikiwa mafuta ya moto, kikapona kikiwa kimenyooka kama kijiti. Hakikunjiki. Kwa hiyo alipiga kwa dole gumba, cha shahada na cha kati, na kile cha nne kikabaki hewani, kimeelekea mbele kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.

Nilivyompenda, niliiga kila kitu chake. Niliiga kopo, niliiga kuinamisha shingo, niliiga kidole.

"Wewe chako kizima," alinigombeza, "kwa nini unakipa likizo? Changu kimestaafu kwa ugonjwa!"

Nilicheka, nikakikunja, na baada ya dakika mbili kilikuwa kimenyooka tena. Mwishowe alichoka. "Haya," alisema, "chechemea nyuma yangu basi. Tutafika."

Nilipomaliza shule nilipata kazi ya ukarani Mbeya, nikajitolea kufundisha gitaa kwenye ukumbi wa kanisa siku za Jumamosi. Wazee wa kamati waliniita kunihoji. Mmoja akauliza, "Nani kakufundisha?" Nilifungua kinywa niseme mpishi. Kisha nikaangalia tai zao na kalamu zilizochomekwa mifukoni, nikasema, "Padri." Wakatikisa vichwa kwa heshima, wakanipa funguo. Hakuna aliyenisukuma. Nimejaribu miaka mingi kumtafuta wa kumlaumu, nakuta pale mezani nilikuwa peke yangu.

Uongo wa kwanza ulidai wa pili. Wanafunzi walipouliza kwa nini kidole cha pete kinanyooka, niliwaambia huo ni mtindo wa zamani wa Ulaya, alionirithisha padri. Nikawagombeza wakikikunja. Watoto wenye vidole vizima!

Kisha ikaja siku ya onesho letu kubwa la kwanza. Ukumbi ulijaa. Nikasimama nikataja ukoo wangu: mimi, padri, na wale wazee sita wa padri. Nilipoinua macho nikamwona mpishi amekaa benchi la mwisho, kofia juu ya goti. Alikuwa amestaafu, amerudi kwao Nyololo, na kumbe alisikia habari za onesho akapanda basi bila kuniambia, ili anishangaze.

Alipiga makofi kuliko watu wote. Mlangoni alinishika mikono yote miwili. "Umepiga vizuri, mwanangu," alisema. "Padri angefurahi." Akanipa mkate aliouoka mwenyewe, umefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nikamsindikiza stendi. Muda wa kusema ulikuwepo, njia yote ile, na mimi nikazungumza habari za mvua.

Alifariki miaka michache baadaye. Nilienda kuzika, nikatupa udongo wangu, nikarudi Mbeya kimya.

Katika wanafunzi wangu, aliyefika mbali kuliko wote ni binti mmoja wa Kinyakyusa aliyekuja ukumbini akiwa na umri wa miaka kumi na kuniambia kuwa gitaa langu halijafungwa sawasawa. Alikuwa sahihi. Sasa ni mama mtu mzima, ameolewa Iringa, na yeye ndiye anayefundisha Mlandege. Mimi sina binti wa kumzaa. Simu yake ikiita, mke wangu huniambia, "Pokea, mwanao huyo."

Alinipigia mwezi mmoja kabla ya onesho la watoto wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, wananizeesha tu. Mwalimu, nilipata mgeni kutoka Dar, mtu aliyesomea gitaa nje. Amewaangalia watoto wangu wote wanane, akacheka mpaka akatafuta kiti."

"Walikosea?"

"Hawakukosea hata nota moja. Kaniuliza, katika ukoo wenu nani alikuwa na kidole kibovu? Nikamwambia ni mtindo wa zamani wa Ulaya. Akasema mtindo huo haupo. Mwalimu, padri alikuwa na kidole kibovu?"

Padri alikuwa na vidole kumi vizima. Mimi nilikaa na simu sikioni, naangalia kidole changu cha pete, kimenyooka juu ya goti kama shahidi aliyesubiri kuitwa.

"Nitakuja kwenye onesho," nilisema. "Nitakueleza."

"Nieleze sasa."

"Nitakuja, mama."

Nilipanda basi siku moja kabla. Igawa, basi liliposimama, nilinunua mchele, maana huendi kwa mjane mikono mitupu. Nikateremka Nyololo. Mke wa mpishi yu hai bado, anaishi nyuma ya barabara kuu, nyumba ile ile yenye mti wa peasi mlangoni. Nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo.

"Kamwene," nilimsalimia kwa lugha ya kwao.

"Kamwene." Alinitazama, akautazama mfuko. "Mchele. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Nimekuja kusema kosa langu."

"Basi kaa. Kosa halisemwi wima."

Nikakaa, nikamwambia yote, kuanzia wazee wa kamati mpaka habari za mvua. Mikono yake haikuacha kuchambua. Nilipomaliza alipuliza makapi, akasema:

"Siku ile alirudi kutoka Mbeya akakaa siku mbili hasemi. Mtu aliyekuwa akiongea hata na sufuria. Nikamwuliza, kijana wako kapiga vibaya? Akasema, hapana, amenishinda. Siku ya tatu ndio akaniambia: karuka jina langu, kama mtu anavyoruka dimbwi asichafue viatu."

Lori lilipita barabarani, bati likatetemeka.

"Nisamehe, mama."

"Si mimi niliyerukwa. Nikusamehe kwa mamlaka gani?" Akaweka ungo chini. "Ulimruka mbele za watu, kamrudishe mbele za watu. Usiandike kikaratasi akasome mtu mwingine. Useme kwa mdomo wako huo. Na nipigieni simu nisikie, miguu yangu haifiki Iringa tena."

Nilipoinuka kuaga nilisita, nikauangalia mfuko wa mchele, sijui kama bado alikuwa anautaka.

"Mchele uache," alisema. "Mchele haukukosea." Kisha akacheka, cheko fupi, na akanichumia peasi nne za njiani.

Kesho yake nilifika Mlandege mapema. Binti yangu alikuwa anapanga viti. Mbele yalikuwa yamepangwa makopo manane ya mafuta ya kupikia, yaliyopakwa rangi ya buluu, ya watoto kuwekea mguu. Padri alikuwa na kigoda chake cha chuma cha kukunja. Kopo ni la mpishi. Mtu huyu nilimficha, naye alikuwa ameketi wazi kila mahali.

Nikamwita pembeni, nikamweleza. Alisikiliza mikono kiunoni.

"Kwa hiyo watoto wangu nimewanyima kidole kizima," alisema.

"Ndiyo."

"Nimewagombeza wakikikunja. Mmoja alilia, Mwalimu."

"Ndiyo, mama. Kosa ni langu."

"Ni lako," alisema. Hakunipunguzia hata kidogo. Nilimfundisha kutomkubalia mtu nota ya uongo, na hapo nikaona amejifunza. Alitazama makopo kwa muda, akatazama mlango ambako wazazi walianza kuingia. Kisha akauliza kwa sauti laini zaidi.

"Alikuwaje, huyo mpishi?"

"Mcheshi. Alikuwa anaimba vibaya sana."

Akajizuia kucheka, akashindwa. "Basi leo watoto hawaanzi," alisema. "Unaanza wewe. Tangu uanze kupiga hujataja ukoo wako hata siku moja. Wewe ndiye mwanafunzi mpya hapa."

Hivyo nikasimama, mzee mwenye mvi, mbele ya mstari wa watoto waliovaa soksi nyeupe. Simu ya binti yangu ilikuwa juu ya kiti cha mbele, sauti imefunguliwa, na ndani yake nilisikia kuku wa Nyololo.

"Nimefundishwa," nilisema, nikaitazama simu pale kitini. Nikaanza tena. "Nimefundishwa na mpishi wa misheni." Nikataja jina lake lote, la ubatizo na la baba yake. "Yeye alifundishwa na padri. Padri hakunifundisha mimi. Alinishika mkono mara moja. Na kidole hiki mnachokinyoosha nyote si mtindo wa Ulaya. Mwalimu wangu aliungua akipikia watu, nami nikamwiga kwa kumpenda, halafu nikamficha kwa kuona aibu. Kuanzia leo mnaruhusiwa kukikunja."

Watoto waliangalia vidole vyao. Msichana mdogo wa mwisho alikinyoosha chake, akakikunja, akakinyoosha, kama anayejaribu bawaba. Kisha akainua mkono.

"Babu, na anayetaka kukinyoosha?"

Kabla sijafungua kinywa, simu ikaongea kutoka kitini, sauti kavu, kubwa, ukumbi mzima ukaisikia.

"Wewe! Sema tena hapo kwenye jina. Jirani yangu alikuwa bado hajafika."

Watu wakaangua kicheko, binti yangu kuliko wote, anafuta macho kwa upindo wa kitenge. Nikasubiri watulie. Nikavuta pumzi, nikalianza jina upya, kwa sauti ya kufika Nyololo.