Mfupa wa Jillo na Kikao cha Kulesa

Jumatatu asubuhi niliondoka Garsen kwenda kwetu Kulesa kutafuta mtu aliyewahi kuvimba taya. Mwanangu Jillo, wa miezi mitatu, alikuwa amevimba pande zote mbili, ana homa, akiguswa analia. Hospitalini, muuguzi alimwuliza mke wangu mara nne kama amempiga. Daktari aliyetazama picha za mifupa alisema huenda ni ugonjwa adimu wa kurithi: mfupa wa mtoto mchanga hujiongeza, kisha hupungua wenyewe. Lakini asipopata ushahidi wa ukoo, Jumanne angekata kipande cha mfupa akipime, isije ikawa ni usaha au uvimbe mbaya. Niliogopa sana.

Saa nne ng'ombe walitufungia njia, mimi na mwenye pikipiki aliyenibeba. Mchungaji wao, mzee wa Kiorma, aliomba kuona picha ya mtoto kwenye simu.

"Huyu ana afya," akasema. "Mwampa maziwa gani?"

Mwenye pikipiki naye akaapa kwamba ni jino limekosa njia.

Saa sita tuliingia Kulesa. Baba mkubwa Komora, mkuu wa ukoo, aliita watu kabla sijanywa maji.

"Ukoo wetu hauna kasoro," akasema. "Waulize wakwe zako."

"Baba mkubwa, akikosekana mtu, mtoto anakatwa kesho."

Hapo ukoo mzima ukavimba. Shangazi alikumbuka uchanga wake wote, siku kwa siku. Binamu akanipanulia mdomo nimkague. Jirani, wala si ndugu, akaleta shavu aliloumwa na nyuki asubuhi hiyo, akataka liandikwe. Sikujua nicheke au nilie.

Mama alikuwa akimenya ndizi. "Ni wewe," akaniambia. "Ulivimba hivyo hivyo. Muulize baba yako mkubwa."

Baba mkubwa akakohoa. Akakiri kwamba kikao kilikaa siku mbili, kikaamua Mama alinipiga, akarudishwa kwao nami mgongoni.

"Miezi mitano," Mama akasema. "Taya likanywea lenyewe. Wakasema nimetubu."

Siku zote nilijua nilianza kutambaa kwa wajomba. Sikuwahi kuuliza kwa nini, na niliona aibu.

Alasiri nilirudi Garsen na Mama, watu wanne juu ya pikipiki moja, maana baba mkubwa alikataa kubaki. Alidai yeye ndiye shahidi.

Daktari aliwasikiliza wote wawili, akapapasa taya langu, akasema hatakata. Jillo atapewa dawa ya maumivu na kuangaliwa kila wiki. Nilifurahi hadi nikampa mkono muuguzi yule yule.

Mama hakuinuka. "Daktari, niandikie karatasi."

"Ya mtoto nimeshaandika, mama."

"Ya huyu." Akaninyooshea kidole, mimi na ndevu zangu. "Andika sikumpiga."

Daktari alinitazama, kisha akaandika, akapiga muhuri. Mama hajui kusoma. Alimpa baba mkubwa karatasi ile aisome kwa sauti, mbele ya foleni ya wagonjwa. Alipomaliza, Mama akamwambia aanze tena.