Wakili Aliyeipeleka Soseji ya Mama Yake Barazani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, giza bado limeukalia mji wa Alder Forks, Wisconsin, na theluji inafika magotini. Ndani ya mkahawa wa Marlys, wakili Delbert Nygaard ameketi kwenye kona yake, mgongo ukutani, macho mlangoni. Kahawa inapoa mbele yake. Hainywi. Anahesabu madiwani.

Wawili wako meza ya dirishani, wanakula mayai. Mlango unafunguka, baridi inaingia, na nyuma ya baridi anaingia diwani wa tatu, Duane Pelkey, muuza matairi. Anavua kofia yake ya rangi ya chungwa na kuelekea kwa wenzake. Vijiko vinasimama. Mkahawa mzima unamgeukia Delbert.

"Duane, mpenzi, njoo ukae huku kaunta," anaita Marlys, mwenye mkahawa, birika mkononi. "Usimharibie wakili kifungua kinywa."

"Jamani, nafuata chumvi tu!"

"Chumvi hata kaunta ipo," anasema Delbert, bila kupandisha sauti.

Duane anakaa kaunta. Watu wanarudi kwenye sahani zao.

Baraza la mji lina madiwani watano, na watatu ni wengi wao. Watatu hao wakikutana na kujadili mambo ya mji bila kikao kutangazwa, sheria ya jimbo inahesabu kuwa wamefanya kikao cha siri, na walichokiamua kinaweza kufutwa mahakamani. Kwingine sheria hii imelala kabatini. Alder Forks, sheria hii huamka mapema, huvaa koti la sufu na kuagiza viazi vya kukaanga.

Watu wa hapa hawajasahau mazishi ya yule mzee aliyekuwa akipiga kinanda kanisani. Wabeba jeneza walikuwa sita, na Delbert, akiwa benchi la nyuma, aliona kwamba watatu kati yao ni madiwani. Alipenya katikati ya waombolezaji, akamgusa mmoja bega na kumnong'oneza, "Achia, nashika mimi." Marehemu akafika kaburini kihalali.

"Mnacheka," anasema Delbert. "Jeneza lina uzito, na safari ya kaburini ni ndefu. Watu huongea."

Ana umri wa miaka sitini na minane. Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya mji, akasomea sheria kwa mkopo, kisha akarudi kufungua ofisi juu ya kinyozi. Kazi yake ni wosia, talaka, ugomvi wa mipaka ya ua, na vijana waliokamatwa wakiendesha gari huku wamelewa. Mwaka mzuri humbakizia dola elfu hamsini hivi, ambazo kwa wakili ni kicheko. Wateja wengine humlipa kuni, samaki waliovuliwa chini ya barafu ya ziwa, au soseji za kulungu msimu wa kuwinda ukiisha.

"Niliwahi kulipwa nusu ya mashua," anasema.

Nusu ipi?

"Kesi bado inaendelea."

Anaishi na mbwa mmoja, Hoken, tangu mkewe alipofariki. Majirani wanaapa kwamba Hoken hunusa barua za benki zinapoingia na kuzikojolea zile zenye maandishi madogo. Delbert hakanushi. Anasema mbwa huyo angepita mtihani wa uwakili asingekuwa mvivu wa kusoma.

Siasa zake zimewachosha watu wote kwa usawa. Ujanani alijiunga na chama cha baba yake. Akatoka alipogundua kwamba mgombea alishachaguliwa kwenye nyumba ya mtu kando ya ziwa, kabla mkutano haujaitishwa. Akahamia chama cha mama yake. Huko mambo yalikuwa yale yale, ila keki ilikuwa nzuri zaidi, kwa hiyo alichelewa kuondoka.

Siku hizi, kila uchaguzi, nyasi za majirani zinapojaa mabango ya wagombea, lake huwa ni ubao wa mbao alioupaka rangi mwenyewe: KURA YANGU NI SIRI. KAZI YENU SI SIRI.

"Kura zikiwa tano kwa sifuri, natafuta kofia yangu nikachunguze," anasema. "Watu watano hapa hawawezi kukubaliana kama leo ni baridi. Wakikubaliana, wamekubaliania wapi?"

Na Washington je? Delbert anapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Wale nawashuku Jumapili tu, nikipata nafasi. Wako mbali. Hawawezi kuja usiku kuuza bomba langu la maji."

Bomba hilo ndilo lililomfikisha kwenye shida aliyonayo sasa.

Kampuni moja ya nje ya jimbo inautaka mtambo wa maji wa mji kwa miaka arobaini. Ahadi ni tamu: mabomba mapya, barabara kutengenezwa, kodi kupungua. Delbert haitaki kampuni hiyo hata kuisikia. Kisima cha mji kilichimbwa na watu wa mji, anasema, na aliyeshika maji ya mtu amemshika mtu mwenyewe. Madiwani wawili walikuwa wanataka kuuza. Wawili hawakutaka. Duane Pelkey alikuwa katikati, anayumba.

Mmoja wa wale wasiotaka kuuza ni Verna, dada yake Delbert, mkubwa kwake kwa miaka minne, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kunyamazisha basi zima la wanafunzi. Kila Jumapili huja kwa mdogo wake na pai, na wanakula pamoja. Ndugu waliobaki ni hao wawili tu. Mezani, habari za mji ni marufuku.

Kila mwaka Verna hutengeneza soseji za kulungu kwa namna ya mama yao: cheri zilizokaushwa, na kitunguu saumu kilichochomwa na maganda yake mpaka kiwe cheusi. Mama aliwafundisha namna hiyo jikoni, akawaapisha wasimpe mtu. Delbert hana mkono wa kupika. Verna ndiye mtunzaji.

Mwaka huu hakuleta.

"Mkono unaniuma, mdogo wangu," alimwambia. "Siwezi kuzungusha mashine. Mwakani."

Delbert akampa pole. Siku chache baadaye Duane akamwachia soseji ofisini, asante ya wosia. Kesho yake Gordy Lindahl, mwenyekiti wa baraza na yule diwani mwingine asiyetaka kuuza, naye akaleta ya kwake. Delbert akakata kipande cha ile ya Duane, akatafuna akiwa amesimama karibu na jiko. Akaacha kutafuna.

"Mama alikuwa mdomoni mwangu," anasema. "Cheri. Kitunguu cha kuungua. Nikakata ya Gordy. Mama tena."

Mtu mwingine angepiga simu kuuliza. Delbert aliketi akawaza kama wakili. Soseji haisagwi kwa dakika tano. Ni kazi ya siku nzima, watu wamezunguka meza moja. Verna asingetoa siri ya mama kwenye karatasi. Lazima alikuwepo mwenyewe. Duane, Gordy na Verna. Watatu. Na mkono uliokuwa unauma ulikuwa unaficha kitu.

Jumapili, siku moja kabla ya kura ya maji, alimwekea dada yake vipande vitatu kwenye sahani.

"Onja."

"Ya nani hii?"

"Ya Gordy."

Verna alitafuna polepole, macho dirishani. "Imezidi chumvi."

"Mama naye alikuwa anazidisha."

"Delbert, usinianze."

"Mkono unaendeleaje, dada?"

Verna akaweka uma chini. Ndipo akasema yote. Ndiyo, walikutana gerejini kwa Gordy. Ndiyo, waliongea maji, tangu nyama ya kwanza mpaka utumbo wa mwisho. Na kufikia jioni Duane alikuwa amekubali kupiga kura ya hapana.

"Tatu kwa mbili, Delbert. Maji yanabaki. Si ndicho unachokililia mwaka mzima?"

"Mngemshawishi barazani, watu wakisikia."

"Barazani Duane anaongea kama anauza matairi! Kwenye nyama ndiyo anasikiliza. Ukifungua mdomo kesho, kura inaahirishwa, na wale watu wa kampuni wanapata wiki mbili za kumpeleka chakula cha jioni. Utayauza maji wewe, kwa mdomo wako."

"Wale wawili wengine wangesaga soseji na Duane wakamgeuza upande wao, ungesemaje?"

"Ningekuja kwako unishitakie."

"Basi."

Verna alivaa koti. Mlangoni akageuka. "Utamsimamisha dada yako mbele ya mji mzima?"

"Nitauliza swali tu."

"Wewe hujawahi kuuliza swali tu tangu uzaliwe." Akaondoka. Pai ilibaki mezani, haijakatwa.

Delbert anasema usiku ule hakulala, na Hoken naye hakulala, kwa kumwonea shaka. Alitaka maji yabaki kuliko mtu yeyote mjini. Kunyamaza kungeyabakiza.

Jumatatu ukumbi wa baraza ulifurika. Hapajajaa vile, wanasema, tangu dubu alipoingia kusikiliza bajeti na kuondoka kabla haijaisha. Kila mwananchi hupewa dakika tatu. Delbert alikwenda mbele, akatoa mfukoni kifurushi cha karatasi, akakifungua. Harufu ya kitunguu saumu ikatembea mpaka viti vya nyuma.

"Soseji hii ilitengenezewa wapi," aliuliza, "na mezani walikuwepo nani?"

Watu wakacheka. Gordy akagonga nyundo yake. "Delbert, sasa umeanza kushtaki soseji?"

"Soseji ni shahidi, Mwenyekiti. Mshtakiwa bado hajajitaja."

"Mimi nilipewa tu," Duane alisema haraka, kabla hajaulizwa.

"Na nani?"

Duane akatazama dari. Delbert akasubiri. Yeye mwenyewe hakulitaja jina la dada yake. Alikuwa nalo ulimini, anasema, na lilikuwa na ladha ya cheri. Kengele ya karani ikalia. Dakika zake zimekwisha. Akaanza kufunga karatasi yake.

"Ilitengenezewa gerejini kwa Gordy," alisema Verna kwenye kipaza sauti, kwa ile sauti yake ya kunyamazisha basi. "Tulikuwa watatu. Mashine ni ya mama yangu. Na tuliongea maji. Mwenyekiti, nawe sema, usiniachie peke yangu."

Gordy akasema. Kura ikaahirishwa kwa wiki mbili. Nje, mwanamke mmoja alimwambia Delbert kwamba maji yakiuzwa atamletea bili zake ofisini kila mwezi. Mwingine akampa mkono. Verna alipita bila kumtazama.

Yale aliyoyatabiri Verna yameanza kutimia. Duane ameonekana akila nyama ya ng'ombe ya bei mbaya na mgeni mwenye viatu visivyojua theluji. Mkahawani, akiulizwa, anasema bado anapima. Kura ni Jumatatu ijayo. Jumapili moja imepita bila pai.

"Inawezekana nimeupotezea mji maji yake," anasema Delbert, akiizungusha kahawa yake iliyopoa. "Hilo nalijua. Lakini ningenyamaza, kuanzia kesho kona hii ingekuwa ya mzee mmoja anayelinda upande wake tu. Wa namna hiyo wamejaa."

Wiki hii, mlango wa ukumbi wa mji una tangazo ambalo halijawahi kuonekana. Delbert aliliandika, Gordy akalitia saini, karani akaligonga msumari. Linasema kwamba Jumamosi saa nne asubuhi, gerejini kwa Gordy Lindahl, madiwani watatu au zaidi watasaga nyama ya kulungu na huenda wakajadili maji. Wananchi wote wanakaribishwa. Verna amealikwa pamoja na mashine. Hajajibu.

Matumaini ya Delbert ni kwamba Duane, akisikiliza huku mikono yake iko ndani ya nyama, safari hii mji mzima ukiwa umesimama pale, atarudi alikokuwa. Tumaini la pili halitaji, ila kila anapopita duka la mikate huangalia pai.

Marlys anainua simu ya kaunta, anasikiliza, kisha anainyoosha juu ya kichwa cha Duane. "Wakili. Dada yako."

Vijiko vinasimama tena. Delbert anaipokea kwa vidole viwili.

"Nani kaandika saa nne?" Sauti ya Verna inasikika mpaka meza ya dirishani. "Vitunguu vinachomwa kabla ya nyama. Mama alianza saa mbili. Rekebisha tangazo, tena leo, lisije likapungukiwa na muda wa kisheria wa kutangaza kikao. Na uje na kisu chako."

Simu inakatika. Delbert tayari ameshika koti, uso umemng'aa kama wa mtu aliyeshinda kesi. Mlangoni anasimama ghafla, anageuka, jicho moja limefumba.

"Saa mbili," anamwambia Marlys. "Huyu anataka nichome vitunguu vyote peke yangu."

Kisha anatoka, anakimbia kwenye theluji kuelekea ukumbi wa mji.